Kabla hujafunga chumba cha bweni Desemba

Wewe unayekuja kusoma Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, dirisha lifunge mpaka komeo liingie. Jirani yetu wa ghorofa ya juu aliacha upenyo wa vidole viwili akaenda likizo ya Krismasi. Baridi ikagandisha maji ndani ya bomba la kipasha joto cha chumba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba likapasuka. Barafu ilipoyeyuka, maji yalishuka hadi kwenye magodoro yetu. Daftari za mwenzangu wa Tanga zote zikaharibika. Iliniuma sana.

Kipasha joto usikizime. Kiache kwenye nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi, na kitanda kisikizibe. Pasipoti ondoka nayo. Bomba likiganda, usilikaribishie moto hata kidogo: wapigie mafundi wa bweni, hata kama ni saa nane usiku.