Bia ya nyumbani: usigawe maji kwa nne

Ukishuka kutoka lita 20 hadi 5, kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) gawa kwa nne. Maji usiyagawe hivyo tu, maana mengine hupotea kwa mvuke wakati wa kuchemsha. Mvuke hutegemea upana wa sufuria na ukali wa moto, si wingi wa kilichomo. Sufuria iliyokuwa ikipoteza lita 3 kwa saa itapoteza karibu zile zile, na kwenye lita 5 hiyo ni zaidi ya nusu! Tafuta sufuria nyembamba, au chemsha maji matupu kwanza upime yanayopotea, ujue ya kuongeza. Pakiti ya hamira ya gramu 11 kwa kawaida ni ya lita 20 hivi, basi gramu 3 zinatosha. Zipime kwa mizani ya sonara. Ya jikoni hudanganya kwenye gramu chache. Kupoza bia iliyochemshwa ndiko raha: beseni la maji ya barafu tu.