Chenga za mkaa: pima uzito wa ujazo kabla ya kukoroga uji

Chenga za mkaa Tabora mjini, za vibandani au zilizobaki kwenye magunia ya Sikonge na Kaliua, huhesabiwa kwa debe, na debe halikwambii kilichomo. Moja lina kilo sita, jingine kumi, na la kilo kumi mara nyingi ndilo bovu: lina mchanga au maji. Ukikoroga mkaa mbadala, yaani vipande vya chenga vilivyogandishwa kwa uji wa unga wa muhogo, kwa kuhesabu madebe, leo utapata vipande vigumu, kesho vinavyomomonyoka mkononi.

Anza na debe lenyewe. Lipime tupu, kisha lijaze maji hadi ukingoni ulipime tena. Likiwa kilo 1.2 tupu na kilo 21.4 na maji, ujazo wake ni lita 20.2. Liandike namba hiyo ubavuni kwa rangi.

Chekecha chenga kwa chekeche la milimita 5. Zimimine kutoka sentimita 30 juu ya ukingo, polepole, bila kutikisa debe wala kulipigapiga. Likifurika, pitisha ubao ulionyooka mara moja ukingoni. Lumbesa hapana: kilele kidogo tu kinaharibu kipimo, na mtikiso unakiharibu zaidi kwa sababu chenga hushuka na nafasi za hewa hupungua. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Tuseme debe lina kilo 8.9. Toa 1.2, zinabaki 7.7. Gawa kwa 20.2, zidisha kwa 1,000: kilo 381 kwa mita ya ujazo, na huo ndio uzito wa ujazo. Lakini humo kuna maji. Chukua gramu 200, zitandaze nyembamba kwenye bati juani, uzigeuzegeuze hadi vipimo viwili vya saa moja moja vilingane. Zikibaki 176, maji ni asilimia 12, na uzito mkavu ni 381 × 0.88, yaani 335. Hii ndiyo namba ya kulinganisha mzigo na mzigo.

Namba ikiruka juu kuliko ya chenga unazojua ni safi, shuku mchanga. Choma gramu 100 kavu kwenye kifuniko cha chuma, nje, hadi weusi uishe. Mkaa safi huacha majivu machache, kwa kawaida chini ya gramu 5. Zikibaki 20, chenga zimefagiliwa chini pamoja na udongo, usizinunue.

Namba ikishuka, kwanza tazama unyevu. Kuanzia Novemba hadi Aprili chenga za nje hunywa mvua, punje hushikana vidongevidonge na kuacha mapengo, hata debe likaonekana limejaa. Hata wanaopika koki, mkaa mgumu wa kuyeyushia chuma, kwa makaa ya mawe hupambana na jambo hilihili: unyevu kidogo hupunguza makaa yanayoingia kwenye tanuri, na koki hutoka dhaifu. Anika, vunja vidonge, pima upya. Kama tatizo ni punje kubwa tupu, twanga theluthi moja ili unga uzibe mapengo. Usisage zote ziwe unga, maana zitadai uji mwingi.

Kwa kilo 10 za chenga kavu, tumia gramu 700 za unga wa muhogo na maji lita 4.4 kwa jumla. Hapa ndipo wengi hukosea. Chenga zenye maji asilimia 12 lazima zipimwe kilo 11.36 ili kupata kilo 10 kavu, na tayari zina lita 1.36. Basi pika uji kwa lita 3 tu. Ukiweka zote 4.4, mchanganyiko utalowa, maji yatachuruzika kwenye kalibu, na vipande vitapasuka vikikauka.

Jaza kalibu kwa gramu, usijaze kwa kiganja. Kipande cha kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha 6 kinachukua gramu 130 za mbichi, na kikikauka kinabaki kama gramu 90. Kikija chini ya 75, hakikushindiliwa vya kutosha na kitaungua upesi. Kilichoshindiliwa mno huwa kizito kuwaka. Anika kivulini siku ya kwanza, halafu juani siku tatu hadi tano.

Vilivyovunjika vitwange, virudi kwenye mkorogo, ila vipime kwa debe peke yake: vina wanga tayari, na uzito wao wa ujazo hautalingana na wa chenga mpya.