Namna ya kumkumbuka babu mhandisi ambaye hukuwahi kumwona

Babu mzaa mama alifariki miaka minne kabla sijazaliwa. Alikuwa mhandisi wa matengenezo ya njia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kipande cha Mlimba hadi Makambako. Nimekua nikiambiwa "babu yako alikuwa mtu mwema sana", maneno anayosemewa kila marehemu. Kama nawe umeishia hapo, jaribu hivi.

Acha kuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Uliza alikuwa anashika nini. Nilimwuliza bibi, "Mfukoni mwake hapakosi nini?" Akacheka: "Futi kamba, mjukuu wangu. Hata kanisani!" Kuanzia hapo akazungumza hadi chai ikapoa: buti za tope zilizolala nje ya mlango, na usiku wa masika babu akilala na suruali yake akisubiri kuitwa. Mwombe ruhusa, washa simu irekodi, kisha nyamaza.

Halafu tafuta karatasi. Za kwetu zilikuwa kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Usizibandike selotepu wala kuzitia plastiki. Zipige picha dirishani, mbele na nyuma, uzirudishe gizani, maana michoro ya buluu hufifia kwenye mwanga. Daftari lake lina namba za kilomita na maneno machache machache. "Kalvati imeziba tena. Tusingoje masika." Kalvati ni njia ya maji inayopita chini ya reli.

Kisha jifunze kazi yake, walau kidogo. Wengi tunaruka hapa, na hapa ndipo nilipompata. Kurasa nzima zilikuwa na namba tu: 1067, 1069, 1074. Nilidhani ni hesabu za vifaa. Kumbe TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli, ili mabehewa yaungane na njia za Zambia na kusini zaidi. Reli ya Kati ya zamani ni 1,000. Kwenye kona, magurudumu husukuma reli ya nje na kuila, upana ukaongezeka. Babu alikuwa akifuatilia milimita mbili, milimita saba, ili treni isianguke na watu wa watu. Niliifunga ile daftari nikalia.

Mwisho, nenda. Usitembee relini peke yako. Pitia stesheni, uombe mtu wa gangi, kikosi kinachotunza njia, akupeleke. Mimi nilipelekwa na mzee mmoja mstaafu. Nilimwamkia shikamoo, nikamtajia namba ya kilomita ya ile kalvati ya daftarini, akaenda moja kwa moja bila kuuliza mara ya pili. Kalvati ipo. Zege lina ukungu wa kijani, mdomoni majani makavu mawili matatu. Nilichuchumaa nikayaondoa kwa mkono. Nikafungua daftari langu nikaandika kwa mtindo wake: namba ya kilomita, tarehe, "Maji yanapita."