Namna ya kujibu swali la ukomunisti na njaa bila kubwatuka

Kila mwaka mada hii inarudi kwenye chama cha mdahalo ninachokilea: ukomunisti unaweza kumaliza umaskini na njaa. Na kila mwaka mambo yalikuwa yaleyale. Wanaopinga wanamtaja Stalin, wanaounga mkono wanaitaja Kuba, makofi yanapigwa, mtunza muda anagonga kengele, basi. Siku moja nilijikuta mimi mwenyewe, mwalimu mzima wa historia, nabwatuka kuliko wanafunzi. Nikaona aibu, nikabadili utaratibu.

Anza kwa kutenganisha umaskini na njaa. Ni ndugu, ila si mapacha. Watu wanaweza kuwa maskini miaka hamsini bila njaa kuwamaliza, na njaa inaweza kuua mahali penye chakula. Bengal, jimbo la India, mwaka 1943, chini ya utawala wa Uingereza, watu wapatao milioni 3 walikufa. Mchele ulikuwepo, bei yake iliruka, ujira wa vibarua ukabaki nyuma. Kwa hiyo anayesema njaa ni ugonjwa wa ukomunisti peke yake, mpeleke Bengal kwanza.

Pili, lifiche neno lenyewe. Chukua karatasi, usiandike “ukomunisti” popote. Andika: shamba ni la nani? Bei anapanga nani? Mavuno yanachukuliwa na nani, na kiasi gani? Zahanati na shule analipia nani? Kisha jaza nchi moja kwa kipindi kimoja. Utashangaa. China ya 1958 na China ya 1985 zilitawaliwa na chama kilekile, lakini majibu yanatofautiana karibu kila mstari. Ukiweka jina moja juu ya zote mbili, umeshapotea.

Tatu, na hapa usiwe na haraka: fuata nafaka. Mimi hutumia vizibo vya soda. Mwanafunzi mmoja ni mkulima, namkabidhi vizibo 24. Wa pili ni kiongozi wa komuni, yaani vijiji vilivyounganishwa vilime shamba moja la pamoja, wa tatu ni wa mkoa, wa nne yuko mji mkuu. Kila ngazi inapeleka taarifa juu, na kila mmoja nimemnong’oneza kwamba mwenye mavuno madogo ataitwa adui wa mapinduzi. Basi wanatia chumvi. Komuni inaandika 40, mkoa unaandika 60. Mji mkuu, kwa moyo mweupe kabisa, unadai theluthi: vizibo 20. Mkulima anabaki na vinne, na hivyo ni mbegu.

Mwaka jana binti aliyecheza mkulima aliitazama meza yake, akauliza, “Kwani hakuna anayekuja kuangalia?”

Hapo ndipo ninapowasimulia kuhusu Peng Dehuai. Alikuwa waziri wa ulinzi wa China. Mwaka 1959, huko Lushan, alimwandikia Mao, kiongozi mkuu wa China, barua ya kueleza kwamba takwimu zimetiwa chumvi na mambo yanaharibika vijijini. Akavuliwa uwaziri mwaka huohuo. Baada ya hapo, katibu gani wa kijiji angethubutu kuandika ukweli? Mwaka huo China iliendelea kuuza nafaka nje, huku baadhi ya familia hazina hata sufuria, zimetolewa zikayeyushwe kuwa chuma. Makadirio ya waliokufa kwa njaa ya China ya miaka hiyo yanaanzia milioni 15 hadi 45 au zaidi.

Ukishafika hapo usishangilie. Upande wa pili nao una hoja nzito, na mwanafunzi anayeziruka namkata alama. Katika China hiyohiyo ya Mao, umri wa kuishi ulipanda kutoka miaka 40 hivi hadi zaidi ya 60, kwa chanjo, shule na wahudumu wa afya wa vijijini. Kerala, India, wakomunisti waliingia madarakani kwa kura mwaka 1957, na jimbo hilo baadaye likagawa ardhi kwa wapangaji. Lakini huko kulikuwa na magazeti na wapinzani, na serikali yenyewe iliweza kushindwa uchaguzi. Mimi hoja yangu ninaisimamisha hapo: serikali ikiamua, inaweza kuupunguza sana umaskini, ila ikishika shamba, ghala na gazeti kwa mkono mmoja, njaa ikija haina wa kuipigia mbiu.

Mfano wa Xiaogang uweke akiba kwa ajili ya maswali. Mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji hicho, mkoani Anhui, walitia sahihi na dole gumba kwenye mkataba wa siri wa kugawana ardhi ya komuni. Waliahidiana kwamba wakifungwa, wenzao watawalea watoto wao hadi wafike miaka 18. Mageuzi ya namna hiyo yalienea nchi nzima, na tangu wakati huo Wachina wapatao milioni 800 wametoka kwenye umaskini wa kupindukia. Mpinzani akidai huo ni ushindi wa ukomunisti, usimjibu kwa neno. Mpe ile karatasi yenye mistari minne aijaze mbele ya watu.

Ukipewa dakika tano, tumia vizibo tu. Ukipewa kumi, ongeza Kerala.