SOMO: Nani anamchagulia mtoto wako cha kutazama? Hatua za kufuata kwa wazazi wa watoto wadogo

Wazazi wenzangu wa grupu hili, salaam kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Somo hili nimeliandaa kutokana na yale ninayoyasikia asubuhi, watoto wa miaka minne na mitano wanaposimuliana habari za nyumbani. Mmoja anaimba wimbo wa kikubwa mstari kwa mstari, na kiuno anakizungusha. Mwingine anawaeleza wenzake jinsi mtu alivyochinjwa, hatua kwa hatua. Ukimwita mzazi anashangaa kwa dhati: "Mwalimu, mimi namwekea katuni tu." Nami namwamini. Katuni ya kwanza aliiweka yeye. Video ya tano na ya kumi ilijiweka yenyewe.

Mtoto wa miaka mitatu hasomi wala hajui kutafuta. Anabonyeza picha yenye rangi kali, au anatulia tu huku simu ikimletea moja baada ya nyingine. Mtambo unaomletea umetengenezwa ili mtazamaji asiondoke, na haumjui mtoto wako. Kwa hiyo kila mahali ambapo mzazi hajachagua, kuna mwingine amechagua. Hatua zote hapa chini zinalenga kurudisha uchaguzi huo mikononi mwako kabla mtoto hajaishika simu.

Na huu ni wajibu, tusiuone kama hiari ya wenye nafasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya ukatili na dhidi ya mambo yanayohatarisha mwili na maadili yake. Kifungu hichohicho kinasema mzazi akiwa hayupo kwa muda, ahakikishe mtoto anatunzwa na mtu anayeweza kazi hiyo. Tutalirudia hili tukifika kwa madada wa nyumbani.

HATUA YA 1: Zijue simu zote zinazomfikia mtoto

Wazazi wengi hufikiria simu yao tu. Chukua karatasi uandike: simu ya baba, simu ya mama, simu ya dada, simu ya mjomba anayekuja wikiendi, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ambayo "ameachiwa mtoto", televisheni yenye intaneti, na flashi iliyochomekwa kwenye king'amuzi. Ile simu ya zamani ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hakuna mtu mzima anayeifungua tena, na mara nyingi bado ina akaunti ya mtu mzima ndani yake.

HATUA YA 2: Anza na WhatsApp, kabla ya YouTube

Najua wengi mlitegemea nianze na YouTube. Lakini picha mbaya nyingi ambazo watoto hukutana nazo zimo tayari kwenye simu ya mzazi. Zimeingia kupitia magrupu: ajali, mapigano, vichekesho vya matusi, video za utupu. Mtoto anafungua sehemu ya picha akitafuta picha yake ya sikukuu, na vyote hivyo vimepangwa pembeni yake.

Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe. Kisha nenda sehemu ya chati, uzime ile inayoruhusu picha za WhatsApp kuonekana kwenye galari. Baada ya hapo kaa chini ufute zilizokwisha kuingia. Bando nalo litapumua. Kumbuka pia status: ukifungua moja, zinazofuata zinajifungua, na huwezi kujua mtu uliyehifadhi namba yake ameweka nini usiku.

HATUA YA 3: YouTube

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watoto wanapokaa.

YouTube ya kawaida imewekewa umri wa miaka 13 kwa anayetaka kujifungulia akaunti yake. TikTok, Instagram na Facebook nazo ni 13. Mtoto wa chekechea anayetazama kwenye akaunti yako, mtambo unamhesabu kuwa ni wewe. Ukitazama ngumi usiku, asubuhi ataletewa ngumi.

Kama simu yako ina nafasi, tafuta YouTube Kids, yaani YouTube ya watoto, kwenye Play Store. Wakati wa kuiandaa utaulizwa umri: miaka 4 kushuka chini, 5 hadi 8, au 9 hadi 12. Wengi huchagua umri wakaishia hapo. Mimi nakushauri uende mbele zaidi, uchague ile hali ambayo mtoto anaona tu chaneli na video ulizoziidhinisha mwenyewe. Ukiiweka hiyo, sehemu ya kutafuta inaondoka. Itakuchukua muda kuchagua, lakini kazi hii ndiyo hasa kiini cha somo letu. Humo ndani pia kuna saa ya kuhesabu: ukiweka dakika 30, zikiisha inajifunga.

Kama unatumia YouTube ya kawaida, fanya haya. Bonyeza picha ya akaunti yako, ingia setingi, sehemu ya jumla, uwashe "Restricted Mode". Inaficha video nyingi za kikubwa na inaficha maoni ya watu. Haikamati kila kitu, na inawaka kwenye simu hiyo moja tu. Ukiiwasha kwenye ya baba, ya mama bado iko wazi. Kisha zima kile kitufe cha juu ya video kinachofanya nyingine ianze yenyewe. Kwangu mimi hicho kitufe kidogo kina uzito kuliko setingi zote, kwa sababu ukikizima video inaisha, kunakuwa kimya, na mtoto anainua kichwa. Mwisho, futa historia ya vilivyotazamwa. Kila ukiona chaneli usiyoitaka, bonyeza vidoti vitatu uiambie isipendekezwe tena.

Jambo moja linawapotosha wazazi: alama ya kwamba video ni ya watoto. Mwaka 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 Marekani kwa kesi ya kukusanya taarifa za watoto kupitia YouTube bila idhini ya wazazi. Baada ya hapo, tangu Januari 2020, kila anayepakia video anatakiwa aseme kama ni ya watoto. Basi ujue kuwa mara nyingi anayesema hivyo ni mwenye video mwenyewe, na anasema inawalenga nani. Hakuna aliyekuhakikishia kuwa ina malezi. Mwaka 2017 dunia nzima ilishtuka kuona katuni wanazozipenda watoto zimeigizwa zikipigana, zikichomwana sindano na kufanya machafu, na picha ya mbele ilikuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo maana nasema tazama kwanza wewe. Tazama katikati na mwisho, usiishie dakika ya kwanza.

HATUA YA 4: Weka akiba

Bando likiisha au mtandao ukisumbua, mtoto hulia, na mzazi aliyechoka humpa chochote kilichopo. Kwa hiyo chochote kilichopo kiwe kizuri. Andaa flashi au memori kadi moja ya mtoto, yenye video ulizozitazama. Ukienda kwa vijana wa kujaza muvi pale sokoni, usimwambie "nijazie katuni za elfu mbili" ukaenda kununua nyanya. Atajaza folda nzima, na ndani yake kuna katuni za watu wazima na muvi za kutafsiriwa zenye matusi ya kutosha. Kaa hapo, chagua jina kwa jina.

Za Kiswahili zenye mafunzo zipo. Akili and Me, kwa mfano, imetengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam kwa watoto wa miaka 3 hadi 6: kuhesabu, herufi, usafi. Watoto wa darasani kwangu wanaoitazama nawatambua kwa namna wanavyohesabu.

HATUA YA 5: Mtu anayebaki na mtoto

Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba nyingi za Ilazo, Kisasa na Nzuguni zinaamka gizani. Baba na mama wanakwenda Mtumba kwenye ofisi za Serikali, wanarudi jioni. Mtoto anatoka shule mchana na anabaki na dada. Dada huyo mara nyingi ni binti mdogo, anafua, anapika, ana mtoto mgongoni, na ana simu yake. Kumwambia tu "usimpe simu" halafu ukaondoka hakutoshi.

Mwoneshe. Kaa naye jioni moja, mtazame pamoja zile video ulizochagua, mwambie hizi ndizo, saa hizi, na zikiisha mtoto atoke nje acheze. Mweleze pia sababu. Binti akielewa kuwa mtoto anaiga anachoona, atalinda kuliko anayeogopa kufokewa. Na mpe kitu mbadala: kalamu za rangi, mchanga uani, vizibo vya soda vya kuhesabia.

HATUA YA 6: Muda na mahali

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mahali ni sebuleni, sauti isikike, bila earphone. Chumbani hapana.

Hizo ndizo hatua. Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili, Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, bila simu hali. Nikiizima anafunga mdomo kabisa. Nifanyeje, maana naogopa atakonda?

Jibu: Marahaba mama. Usikate ghafla siku ambayo una haraka. Anza na mlo mmoja, ule wa jioni mkiwa wengi. Mkalishe na nyinyi kwenye mkeka, apewe sahani yake, ashike tonge lake hata akimwaga, na simu za watu wazima nazo ziondoke hapo. Atakula kidogo siku za mwanzo. Mtoto mwenye afya akisikia njaa hula. Mlo mmoja ukikubali, hamia wa pili. Ukiona uzito unashuka, mpeleke kliniki wampime, usikisie.

Baba Neema, Chamwino: Mbukwenyi! Mimi nina kiswaswadu tu, nyumbani hakuna simu ya tachi wala TV. Lakini watoto wanakwenda kibanda umiza cha jirani, shilingi mia mbili wanaingia. Hapo somo lako linanihusu?

Jibu: Mbukwa kaka. Linakuhusu sana. Nenda wewe mwenyewe ukae ndani ya kibanda alasiri moja uone kinachooneshwa watoto wakiwemo. Kisha zungumza na mwenye kibanda kwa upole, ikiwezekana mwende wazazi watatu au wanne: mchana wenye watoto aoneshe mpira au katuni, muvi za kuuana na za mapenzi zisubiri usiku na watoto wasiingie. Yeye anataka wateja, na nyinyi ndio wazazi wa wateja wake. Akikataa, kuna balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kijiji.

Mwanachama, Kongwa: Mjukuu wangu wa miaka mitano amekuwa akiwavua nguo wenzake wakicheza. Nilipomhoji akasema kijana mmoja wa jirani humwonesha "sinema za wakubwa" kwenye simu na kumwambia asiseme. Nimchape?

Jibu: Shikamoo bibi. Usimchape, nakuomba sana. Amekwambia jambo aliloambiwa alifiche, na ukimchapa hatakwambia tena. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba yeye hana kosa. Usimhoji kila siku wala kumfanya arudie kwa majirani. Mtu mzima au kijana anayemwonesha mtoto picha hizo kwa siri anamfanyia ukatili, na mara nyingi haishii kwenye kuonesha. Leo hii asibaki tena karibu na kijana huyo. Piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto na haikatwi salio, wakuelekeze. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Msimalizane kifamilia. Na kama kuna video ya mtoto yeyote kwenye simu ya kijana huyo, mtu asiisambaze kwenye magrupu "ili kuonya wengine". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kusambaza picha chafu za watoto kuwa kosa. Waachieni polisi simu hiyo. Bibi, nitakutafuta faragha nijue umefikia wapi.

Kaka Mkubwa, Area C: Mwalimu, setingi zote nimeweka, lakini binti yangu wa miaka saba ameshajua namba ya siri. Anaitazama nikiibonyeza.

Jibu: Ibadilishe leo, na usiiandike mbele yake. Kwenye setingi za usalama za simu nyingi za Android kuna sehemu ya kufungia programu moja kwenye skrini. Ukiiwasha, pamoja na ile ya kudai namba kabla ya kutoka, hawezi kwenda kwingine bila namba. Kwenye iPhone iko sehemu ya ufikivu, inaitwa "Guided Access". Lakini kwa miaka saba ongeza maongezi. Kaa naye dakika chache akwambie ametazama nini na kipi hakukipenda. Mwulize alikuwa anatafuta nini alipofungua kwa namba yako. Kama ni wimbo aliousikia kwa wenzake, utafuteni pamoja. Kama haufai, mwambie haufai na kwa nini, kisha mchague mwingine.