SOMO: Kupanga saizi ya basba za shaba kwenye paneli kuu (mfano: transfoma ya 630 kVA)

Wakuu, kila wiki naulizwa lile lile: "Ampea kadhaa, niweke basba gani?" Basba ni zile bapa za shaba zinazogawa umeme ndani ya paneli. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Mfano wetu ni paneli kuu inayolishwa na transfoma ya 630 kVA, volti 400.

1. Mkondo. 630,000 ÷ (1.732 × 400) = ampea 909.

2. Breka kuu. Ya 1000 A. Basba inafuata breka, kwa sababu breka ndiyo inayoamua mkondo upi upite kwa saa nyingi bila kukatwa.

3. Joto. Acheni kugawa ampea kwa namba moja. Jedwali la DIN 43671 (kiwango cha Ujerumani), kwa basba moja ya shaba isiyopakwa rangi, hewa ikiwa digrii 35 na basba 65, linatoa hivi (upana × unene kwa milimita):

20×3: 204 A
40×5: 482 A
60×10: 985 A
80×10: 1240 A
100×10: 1490 A

Sasa gawanyeni wenyewe. Ya 20×3 inabeba ampea 3.4 kwa kila milimita ya mraba, ya 100×10 haifiki 1.5. Basba kubwa ina shaba nyingi ila uso wa kutolea joto hauongezeki kwa kiwango hicho hicho. Ukitumia "ampea 2 kwa mm²" unapoteza shaba kwenye basba ndogo na unaichemsha kubwa.

Ndani ya paneli iliyofungwa hewa haiwi 35. Mimi huchukua 55. Ukiruhusu basba ifike 85, tofauti ni digrii 30 zile zile, basi namba za jedwali zinasimama, mradi insuleta (vishikizo vya basba visivyopitisha umeme) na kebo zinakubali joto hilo. Ndiyo maana hapa nafunga kebo zenye ganda la plastiki ya XLPE inayovumilia 90, si la PVC inayoishia 70. 60×10 haifiki 1000, tunaiacha. 80×10 ikibeba 1000 A itapanda kama digrii 21 juu ya hewa, yaani 76 hivi. Hiyo ndiyo yetu, ikisimama kwa ukingo. Ukiilaza inapoa vibaya.

4. Nguvu ya shoti. Hatua hii iliwahi kunigharimu, kwa hiyo nakaa hapa. Wengi wakishapata saizi ya joto wanadhani wamemaliza. Transfoma hii ina impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya asilimia 4, basi shoti kwenye basba inaweza kufika 909 ÷ 0.04 = kA 22.7. Kwa joto la sekunde moja hakuna tabu: kila mm² ya shaba huvumilia ampea 125 kwa sekunde hiyo, basi 22,700 ÷ 125 ni mm² 182, nasi tunazo 800. Balaa ni msukumo. Kilele cha kwanza cha mkondo huchukuliwa mara 2.1, yaani karibu kA 48. Basba zikitazamana kwa nyuso pana, katikati hadi katikati milimita 75, ile ya kati inasukumwa kwa takriban niutoni 5,250 kwa kila mita. Huo ni uzito unaozidi nusu tani, na basba inapinda kwa upande wake mwembamba.

Ukiweka insuleta kila milimita 900, mkazo ndani ya shaba unafika N/mm² 266. Shaba ya ugumu wa nusu huanza kupinda bila kurudi karibu na 200. Insuleta zikiwa kila milimita 400, mkazo unashuka hadi 53. Shaba ni ile ile, saizi ile ile, umebadilisha umbali tu.

Tahadhari: kila insuleta hapo inapokea niutoni 2,100 hivi, kwa hiyo soma nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, usiangalie volti peke yake. Ncha inayoning'inia baada ya insuleta ya mwisho iwe fupi. Na usisogeze basba karibu ili paneli iwe ndogo, kwa kuwa ukipunguza nafasi nusu, msukumo unakuwa mara mbili.

5. Maungio. Yapishane angalau upana wa basba. Safisha hadi shaba ing'ae, funga siku hiyo hiyo. Boliti za daraja 8.8: M10 karibu Nm 40, M12 karibu 70, kwa spana ya toki. Weka washa za koni (zinazobana kama springi), maana shaba ikipata joto inatanuka kuliko chuma cha boliti, na ungio lisilo na washa hizo hulegea taratibu.

6. Nyutro. Saizi kamili ya fezi kama kuna kompyuta na taa za LED nyingi.

MASWALI

Mwanachama, Mwanza: Mkuu, somo refu. Nipe tu saizi ya 400 A.

Jibu: Shoti ya hapo ni kA ngapi? Paneli ina matundu au imefungwa? Kebo ni PVC au XLPE?

Mwanachama, Mwanza: Sijui hayo. Niweke 40×5?

Jibu: Kwa joto inaweza kutosha. Kwa shoti hujanipa cha kukujibu. Hatua ya 4.

Mwanachama, Dodoma: Sisi tumetumia ampea 2 kwa mm² miaka yote, hakuna kilichoungua.

Jibu: Kwa breka hii kanuni yako inatoa 50×10. Jedwali linaipa 852 A. Kama haijaungua ni kwa kuwa mzigo haujawahi kukaa kwenye 1000. Siku mteja akiongeza mashine, breka itanyamaza na basba itachemka.

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Kwenye jedwali naona safu ya basba zilizopakwa rangi ina ampea zaidi. Nilidhani rangi inafunika joto?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Shaba inayong'aa hutoa joto kwa mnururisho kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa uso mweusi kamili, au chini ya hapo. Rangi isiyong'aa inafika karibu tisa ya kumi. Utando wake ni mwembamba, hauzuii kitu cha maana. Ndiyo maana 80×10 inatoka 1240 hadi 1500. Ila maungio usiyapake rangi. Na kwa chumvi ya pwani yenu, maungio yapakwe bati.

Mwanachama, Eldoret: Huku tuko juu ya mita 2000. Inabadilisha kitu?

Jibu: Ndiyo. IEC 61439 (kiwango cha kimataifa cha paneli) inahesabu hadi mita 2000. Juu ya hapo hewa nyepesi inapoza na kuhami umeme chini ya kawaida. Omba jedwali la punguzo la breka zako, na kwa basba chukua saizi ya juu.

Mwanachama, Arusha: Kukunja 80×10 ni kazi. Tunaipasha kwa gesi kwanza, sawa?

Jibu: Hapana kaka. Ukiipasha inalainika, na ile 200 ya hatua ya 4 haipo tena. Tumia mashine ya kukunjia, nusukipenyo cha ndani kisipungue unene wa basba.

Mwanachama, Tanga: Kipima joto changu cha kupiga kwa mbali kilisoma 34 kwenye ungio, ila insuleta ya pembeni imeshabadilika rangi. Kimeharibika?

Jibu: Kizima kabisa. Ni jambo lile lile nililomweleza dada wa Mombasa: shaba inayong'aa hainururishi, kipimo kinasoma joto la vitu vya jirani linaloakisiwa na shaba. Zima umeme, hakikisha umekatika, kagua lile ungio na ukaze. Kisha bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kando yake. Mzigo ukirudi, pima kwenye tepu.