Somo: Namna ya Kuchunguza Utayari wa Jamii za Pwani Dhidi ya Vimbunga

Wataalamu wa hali ya hewa hupima kasi ya upepo na kimo cha mawimbi. Sisi wa sayansi ya jamii tuna swali jingine: kwa nini vimbunga vinavyokaribiana kwa ukali huua watu wengi mwaka mmoja na wachache mwaka mwingine? Mfano wetu ni pwani ya Bangladesh.

Hatua ya 1: Linganisha matukio ya mahali pamoja. Kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, cha Aprili 1991 takribani 138,000, na Sidr cha mwaka 2007 takribani 3,400. Katika miaka hiyo vilijengwa vituo vya kujihifadhi, na ukapanuka mpango wa watu wa kujitolea wa kupeleka tahadhari vijijini, ulioanza mwaka 1972.

Hatua ya 2: Fuata safari ya tahadhari kutoka ofisi ya hali ya hewa hadi mlangoni mwa nyumba ya mwisho kijijini. Andika nani aliipata, saa ngapi, kwa mdomo wa nani, na kama alimwamini. Nguvu ya mpango wa Bangladesh ni kwamba anayepita na kipaza sauti ni jirani anayejulikana.

Hatua ya 3: Mhoji aliyesikia asiondoke. Hiki ndicho kiini cha utafiti, nami nasisitiza usimwite mkaidi kabla hujamsikiliza. Mwaka 1991 wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume: wengi walikuwa na watoto wa kubeba, wengine walisubiri ruhusa ya waume zao, na wengine waliona haya kujibanza na wanaume wasiowajua katika kituo kisichokuwa na sehemu yao. Wapo pia waliobaki kwa sababu ya ng'ombe, kwani kumpoteza ng'ombe ni kupoteza riziki ya nyumba nzima. Ndiyo maana baadhi ya maeneo yaliinuliwa vilima vya udongo vya kukimbizia mifugo. Wahoji wanawake peke yao, ikiwezekana na mtafiti mwanamke.

Hatua ya 4: Omba ridhaa, na usimlazimishe aliyefiwa kusimulia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, hatua hizi zinafaa kwa kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024?

Jibu: Zinafaa sana. Ningeanza na wavuvi walioko dago, kwa kuwa wanaishi kambini mbali na kwao na huenda hawamo katika orodha ya kijiji chochote, kisha ningeuliza ni nani aliyewapelekea habari na kama walikuwa na pahala salama pa kuweka vyombo vyao.

Swali: Nihoji watu wangapi?

Jibu: Ukitaka asilimia, chukua sampuli ya nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati bila upendeleo. Ukitaka sababu, endelea kuhoji makundi tofauti hadi majibu yaanze kujirudia.

Swali: Masimulizi ya wazee yanakubalika kama ushahidi?

Jibu: Yanakubalika, na yanastahili heshima. Kisiwani Simeulue, Indonesia, kumbukumbu ya tsunami ya mwaka 1907 ilirithishwa kwa jina la smong: ardhi ikitikisika sana na bahari ikikupwa ghafla, kimbilia mlimani. Tsunami ya Desemba 2004 ilipofika, kisiwani humo walikufa watu 7 tu kati ya wakazi wapatao 78,000. Nawe rekodi masimulizi kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, uliza alirithi kwa nani, kisha yalinganishe na kumbukumbu zilizoandikwa.